Bibi alisema amepata "funny turn", nami nikacheka

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 29, kwetu ni Kilifi. Yapata miezi minne sasa niko Uingereza, katika mji mdogo wa Derbyshire, nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Kazi yenyewe naipenda. Nyanya mzaa mama nilimuuguza kwa mikono yangu mpaka akafumba macho, kwa hivyo kumwogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani si mambo ya kunitisha. Kinachonitisha ni Kiingereza.

Najua utashangaa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata A ya Kiingereza, na mtihani wa lugha wa viza niliupita mara ya kwanza. Lakini Kiingereza kile cha darasani na hiki cha huku ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba mbili. Sura zinafanana, tabia mbalimbali.

Siku ya kwanza kazini msimamizi aliniambia kuna mwenzangu ambaye "will show you the ropes". Tuna mashine ya kuinulia wazee wasioweza kusimama, ina mikanda na kamba zake, basi nikajua ndizo hizo. Nikazikodolea macho kutwa nzima. Kesho yake babu mmoja akaniambia, "I could murder a cup of tea." Neno nililolinasa ni moja tu, la kuua. Chumba cha mapumziko kuna kopo la biskuti. Mwenzangu akalisukuma upande wangu, akasema, "Help yourself, duck." Mimi nikasikia naambiwa niende nikajisaidie, tena naitwa bata!

Hayo tulicheka yakaisha. Kisha kuna bibi wa miaka 88, mpole, aliyekuwa karani wa posta. Wiki yangu ya pili aliniambia anataka "to spend a penny". Nikamjibu kwa adabu zote kwamba duka limeshafungwa, asubiri kesho binti yake akija atamnunulia anachotaka. Akarudia. Mara ya tatu machozi yakamlenga. Mwenzangu alipopita mlangoni akaelewa papo hapo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na hapo situmii msemo.

Lililonifanya nikuandikie ni la wiki mbili zilizopita. Bibi huyohuyo nilimpelekea chai saa nne asubuhi. Akaniambia, "I had a bit of a funny turn this morning, duck, but I'm right as rain now." Nikasikia "funny", nikasikia "rain". Nikacheka, nikavuta pazia, nikamwambia naam, mvua ya mwaka huu ni kichekesho. Akanitazama, akanyamaza, akageukia dirisha. Kwenye kishikwambi chetu cha kumbukumbu nikaandika kwamba amekunywa chai yote na amechangamka.

Jioni binti yake alikuja, akaambiwa, akaenda moja kwa moja ofisini. Kumbe alfajiri, akiwa amesimama kwenye sinki la kunawia, bibi alishikwa na kizunguzungu akakaribia kuanguka, na mkono mmoja ukafa ganzi. Daktari aliitwa, akampima, akasema ni presha iliyoshuka, kiharusi hakuna. Alhamdulillahi. Lakini msimamizi aliniuliza mbele ya yule binti, "Alikwambia?" Nikasema aliniambia. "Nawe ukaandika amechangamka?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimepakua orodha ya misemo 500 ya Kiingereza, kila usiku nakariri 20. Pia natazama tamthilia za Kimarekani ili masikio yazoee. Jana nimekariri "raining cats and dogs". Huku mvua hainyamazi, lakini sijamsikia mtu akitaja paka wala mbwa. Mwalimu, niendelee kukariri? Na nikiuliza kila kukicha, hawataniona sijui kazi? Miezi yangu ya majaribio haijaisha, na viza yangu imefungwa na kazi hii. Tena yule bibi, nimwombe radhi au nitakuwa nafukua yaliyozikwa?

Wako,
Mhudumu wa Derbyshire

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikwama kwenye biskuti nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na "funny turn", kwa kuwa ndiyo iliyobeba roho ya mtu. Neno "funny" lina maana mbili zisizohusiana sana. Moja ni ya kuchekesha, ya pili ni ya kitu kisichokuwa sawa, kitu chenye walakini. Waingereza wenyewe huchanganyikiwa, ndiyo maana utawasikia wakiulizana, "Funny ha-ha or funny peculiar?", yaani ni ya kicheko au ya ajabu? Na "turn" hapo ni kushikwa ghafla: kizunguzungu, giza machoni, miguu kuishiwa nguvu. Kwa hiyo bibi alikuwa anakutolea ripoti ya ugonjwa, ila aliifunga kwa vitambaa viwili. Kwanza alisema "a bit". Pili akamalizia na "right as rain", maana yake niko salama kabisa, na mvua haimo humo. Kizazi chake kililelewa kutowasumbua watu. Ukimsikia mtu wa umri huo akisema "a bit", usilitafsiri kuwa ni kidogo. Lisikie kama vile ungemsikia nyanya yako wa Kilifi akisema "si neno, mwanangu" huku ameshika ukuta.

Tangu mwaka 2009 serikali huko imekuwa ikitangaza neno moja la kukumbusha watu dalili za kiharusi, FAST, yaani Face, Arms, Speech, Time, na bila shaka mafunzo yako ya kazini yaliligusa. Uso umelegea upande mmoja? Anaweza kuinua mikono yote miwili na kuishikilia? Maneno yanatoka sawasawa? Likiwapo hata moja, muda ndio huo, 999 inapigwa. Na hata yakiwa yamepita, mtu amerudi kama kawaida anakunywa chai yake, bado msimamizi wa zamu aambiwe dakika hiyohiyo, kwani kuna kiharusi kidogo kinachokuja na kuondoka na kuacha onyo tu. Mkono uliokufa ganzi alfajiri ni habari ya kukimbizwa. Nakuambia hivi si kukuumiza. Nataka siku nyingine neno hilo likikupitia sikioni likusimamishe hapo ulipo.

Sasa tazama barua yako mwenyewe, mwanangu, kwa maana jibu la swali lako limo humo. "Murder a cup of tea" ilikushtua, lakini haikumdhuru mtu. Kwa nini? Kwa sababu tafsiri sisisi yake, ya neno kwa neno, ni upuuzi. Hakuna mtu anayeua chai, babu alikuwa na hamu nayo tu. Akili ilikataa, ukasimama, ukauliza au ukasubiri uone. Hata zile kamba ungeziacha baada ya siku mbili. Nahau ya namna hiyo imevaa kengele shingoni, inakuja ikilia.

Zenye madhara ni zile ambazo tafsiri sisisi yake inaingia akilini. Mzee kutaka kutumia senti yake, kuna ajabu gani? Mtu kusimulia jambo la kuchekesha, kuna ajabu gani? Unapita nayo, unaijibu, unaiandika kwenye kumbukumbu, na hujui kamwe kwamba umekosea. Hizo ndizo za kuwinda, na katika kazi yako ziko nyingi kuliko unavyodhani.

Ukiambiwa mtu fulani ni "poorly", umaskini usikujie kichwani. Ni mgonjwa. Na muuguzi akisema "she's very poorly", hasemi anaumwa sana kama mwenye homa, anasema hali ni mbaya, pengine ndugu waitwe. Mzee akisema "I'm not too clever today", hajitukani kuwa ni mjinga, anakwambia mwili leo umekataa. "I've got trouble with my waterworks" si fundi bomba anayehitajika, ni mkojo, na wewe unajua maambukizi ya njia ya mkojo yanavyoweza kumvuruga mzee akili kwa siku moja. Muuguzi akimwuliza mzee, "Have you been?", hakuna safari inayoulizwa hapo, anauliza kama amepata choo. Ukisikia "we're just keeping her comfortable", hiyo si habari ya mito na blanketi peke yake. Mara nyingi maana yake ni kwamba matibabu ya kuponya yamesimama, kinachobaki ni kumwondolea maumivu. Ingia chumba hicho kwa sauti ya chini.

Na nje ya chumba cha mgonjwa, ukisikia mwenzako fulani "has been let go", usimpongeze kwa kupewa ruhusa. Amepigwa kalamu.

Hiyo "spend a penny", yaani kwenda haja, nitaikalia kidogo, naipenda. Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa pale Hyde Park, London, na fundi mmoja aitwaye George Jennings akaweka vyoo vya kulipia. Ada ilikuwa peni moja. Baadaye vyoo vya umma vyenye kufuli la sarafu vikaenea nchi nzima: unatumbukiza peni, mlango unafunguka. Wanaume kwa haja ndogo walikuwa na mahali pao pa bure, kwa hiyo walioishia kuhesabu peni hasa ni wanawake, na mpaka leo msemo huu utausikia zaidi kwa bibi kuliko kwa babu. Peni hiyo haikuwa kama hii ya sasa. Mpaka Februari 1971 pauni moja ilikuwa na peni 240, na peni yenyewe ilikuwa sarafu kubwa nzito ya kujaza kiganja. Bibi yako wa miaka 88 alikuwa mtu mzima wakati huo. Aliwahi kusimama mbele ya mlango wa choo stesheni, amebana magoti, anaitafuta peni ndani ya pochi. Anapokuambia anataka kuitumia, anaongea kitu alichokifanya kwa mkono wake. Vijana wa huko wengi hawaisemi. Kwa hiyo hata angekuwa mhudumu Mwingereza wa miaka 19, huenda naye angetaja duka.

Halafu usijione mgeni wa mambo haya. Wewe umetoka Pwani, lugha yako imejaa mafumbo kuliko yao. Ulicheka kuambiwa "help yourself" ukasikia kujisaidia, lakini hebu fikiria Mwingereza anayejifunza Kiswahili akutane na neno hilo. Kujisaidia? Kujisaidia nini? Kwenda haja, haja gani? Msalani, kwenye kusali? Sisi na wao tumelikimbia jambo lilelile, ila wao wamejificha nyuma ya peni na sisi nyuma ya msaada. Mwalimu mwenzangu mmoja, Mwingereza, alikaribisha wageni nyumbani kwake, akafunua vyungu mezani, akatamka kwa furaha, "Jisaidieni!" Wageni walitazamana.

Kuna mtego mwingine unaotunasa sisi Waswahili hasa, nao ni pale nahau zao zinapotumia viungo vyetu kwa mapishi tofauti. Chukua chumvi. Kwetu anayetia chumvi ni msimuliaji, anaikuza habari. Kwao anayeishika chumvi ni msikilizaji: "take it with a pinch of salt", yaani isikie lakini usiiamini yote. Ukiambiwa hivyo kuhusu maneno ya babu fulani, hakuna kilichokosa chumvi jikoni. Na ukitaka kumweleza mtu kwamba bibi yako amekula chumvi nyingi, usilitafsiri hilo mbele ya muuguzi, atakimbilia kipimo cha presha. Chukua mkono. Kumpa mtu mkono kwetu ni salamu, au rambirambi. "Give me a hand" ni nisaidie, na mara nyingi wanaisema wakiwa wameelemewa na mzigo, hivyo wewe usinyooshe wa kusalimia. Chukua na kuvunjika moyo. Kwetu ukivunjwa moyo umekatishwa tamaa, unaweza kuvunjwa na alama za mtihani. Kwao "broken heart" ni ya mapenzi au msiba mzito. Bibi akisema alibaki "heartbroken" baada ya mumewe kufa, usimjibu kwa kumtia moyo kama mwanafunzi aliyefeli. Kaa naye.

Kuna zinazokutana vizuri mpaka raha. Sisi tunakalia kuti kavu, wao wanasimama "on thin ice". Kila mmoja na kilichoko kwao: huku mnazi, kule ziwa lililoganda. Aliyechungulia kaburi kwetu, kwao alikuwa "at death's door". Na hizo "ropes" zako ni kamba za merikebu, baharia mgeni alikuwa lazima aonyeshwe ipi inavuta tanga lipi. Wewe uliyezoea kusikia redioni kwamba mitihani ya kitaifa imeng'oa nanga, kana kwamba KCSE ni jahazi, unashangaa nini?

Kuhusu ile orodha ya 500: iache. Si kwamba ni mbaya, ila inakupa neno bila mtu. Haikuambii nani husema, kwa nani, kwa sauti gani, na kama bado lina uhai. "Raining cats and dogs" iko kwenye maandishi ya Jonathan Swift ya mwaka 1738, na nadhani imedumu zaidi kwenye vitabu vya shule vya Afrika Mashariki kuliko mitaani Derbyshire. Nimewahi kuifundisha mwenyewe kwa miaka 20 na ushee, Mungu anisamehe. Huko kwenu jirani akitazama nje atasema "it's chucking it down", na orodha yako sidhani kama inayo.

Tamthilia za Kimarekani tazama kwa starehe zako, lakini usizifanye chuo. Zitakujaza besiboli: "rain check" ilikuwa tiketi ya kurudi siku nyingine mechi ikikatizwa na mvua, sasa ni namna ya kusema nialike tena siku nyingine. Uliko wewe watu wamekulia kwenye kriketi. Binti wa mzee akisema habari ya kifo cha baba yake "hit me for six", ni mpira uliopigwa ukavuka mpaka wa kiwanja bila kugusa chini. Amepigwa na butwaa, ameyumbishwa. Na zipo nahau ambazo bahari ya Atlantiki imezigeuza kabisa. Nilipokuwa nasoma huko zamani, mama mwenye nyumba aliniambia jioni ya kwanza, "I'll knock you up at half past six." Nikashukuru. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aligonga mlango, nikaamka, basi. Nilipomsimulia Mmarekani niliyesoma naye, alishika meza kwa kicheko. Kwao kitenzi hicho ni kumpa mtu mimba.

Usipoteze muda pia kutafuta asili ya kila msemo ukidhani ndiyo njia ya kuuelewa. Utaisikia "Bob's your uncle", maana yake na hapo kazi imekwisha, ni rahisi hivyo. Watakusimulia kwamba waziri mkuu Robert Cecil, Lord Salisbury, alimpa mpwa wake, Arthur Balfour, wizara ya Ireland mwaka 1887, ndipo watu wakasema ukiwa na mjomba Bob umefaulu. Uteuzi huo ulifanyika kweli. Lakini msemo hauonekani kwenye maandishi ila miongo kadhaa baadaye, kwa hiyo hadithi ni tamu, ushahidi haba. Ni ya kuiambatanisha na chai.

Fanya hivi badala yake. Nunua kidaftari kinachoingia mfuko wa sare yako. Ukisikia maneno yasiyokaa sawa, andika sentensi nzima, si neno moja. Pembeni yake andika aliyesema ni mtu wa namna gani, bibi, muuguzi, dereva, na kilichofuata baadaye. Majina ya wazee usiandike, daftari likianguka basini liwe ni la misemo tu. Ukipata matatu kwa wiki yanatosha. Nusu ya hayo yatakuwa ya watu wa pale pale, na ndio unaoishi nao.

Na namna ya kuuliza. Naona unaogopa kuuliza "what does that mean?" kwa sababu inasikika kama mtahiniwa. Basi usiulize maana ya neno, uliza habari. "Tell me what happened." Au, "How do you feel now?" Bibi aliyesema "funny turn", ukimjibu kwa swali hilo moja, angekueleza sinki, kizunguzungu na mkono, kwa maneno mepesi kabisa, na wala asingejua kwamba hukuelewa. Hiyo haikushushi hadhi hata chembe. Daktari Mwingereza angeuliza swali hilohilo, kwa kuwa "funny turn" hata kwake haitoshi.

Kwenye kumbukumbu, usitafsiri. Andika alivyosema, ndani ya alama za kunukuu, kisha andika ulichoona kwa macho: rangi, jasho, mikono, chai iliyobaki. Ungeandika siku ile kwamba bibi amesema "a funny turn", hata kama wewe hukuelewa, msimamizi akipitia angeelewa. Maneno yake yangefika yalikotakiwa kufika, yakipita juu ya kichwa chako. Kilichokuponza ni "amechangamka", neno lako mwenyewe.

Hofu ya viza naielewa, na siwezi kukuambia huna la kuogopa. Lakini hebu pima mwenyewe: kwenye makao ya wazee, ni mhudumu yupi anayetia wasiwasi, anayeuliza au anayetikisa kichwa kwa tabasamu? Nenda kwa msimamizi kabla hajakuita. Mwambie lililotokea lilikuwa la lugha, kwamba sasa unanukuu maneno ya wazee kama yalivyo, na umwombe mwenzako mmoja wa zamu awe anakuthibitishia misemo ya afya wakati wa makabidhiano. Dakika tano. Ikiwezekana mwandikie pia kwa barua pepe, ili kuwe na karatasi.

Kutumia nahau hizo mdomoni mwako, usiwe na haraka. Kuelewa kwanza, kusema baadaye sana. Nahau ina ngazi zake. "Passed away" unaweza kuisema mbele ya mfiwa. "Popped her clogs", kufa kwa kutaja vile viatu vya mbao walivyovaa wafanyakazi wa viwandani, wanaweza kuitamka wenzako wakivuta sigara nyuma ya jengo, lakini wewe ukiisema mbele ya binti wa marehemu ni sawa na mgeni aliyekuja matangani akasema mama yenu amekata kamba. Tena nahau haikubali kufinyangwa. Hakuna "spend two pennies" hata kama haja ni kubwa. Sisi nasi tunapiga moyo konde, hatupigi konde moyo.

Na kwa wale wazee ambao kumbukumbu zimeanza kuwatoka, wewe ongea nao maneno mafupi yaliyonyooka, misemo iache. Wao lakini utawasikia wakikumalizia methali nzima au wimbo mzima, mtu ambaye asubuhi alisahau jina la mwanawe. Yaliyoshikana tangu utotoni huchelewa kuachana.

Mwombe bibi radhi, ndiyo. Leo, kabla chai haijapoa. Usifanye hotuba. Mwambie, "I didn't understand you that morning. I'm sorry." Kisha mwambie kwenu mtu aliyefika miaka 88 anasemwa amekula chumvi nyingi, umwache aiulize maana. Karani wa posta aliyepitisha barua za watu maisha yake yote, atakuwa na maswali.

Na hilo la bata, wacha wakuite. Pande hizo za Derbyshire, Nottingham na Stoke "duck" ni kama "mpenzi" la muuza samaki wa kwetu, anaitwa kila mtu, dereva wa basi, polisi, hata mwanamume na mwanamume mwenzake. Siku yule bibi akiacha kukuita bata, akakuita kwa jina lako kamili lililoandikwa kifuani, ndipo uniandikie tena haraka.